Mgeni wa Matema Kavaa Nini?

Jumamosi ni siku ya gulio la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa. Akina mama wa Kikisi hushusha vyungu vyao kutoka mitumbwi ya Ikombe, wanunuzi hufika kwa bodaboda kutoka Ipinda na Kyela mjini, na katikati yao hupita Wazungu wawili watatu waliolala kwenye nyumba za wageni za ufukweni. Kila mmoja pale anamkagua mwenzake. Mgeni anatazama vitenge vya akina mama na namna mzigo unavyokaa kichwani bila kushikwa. Mama mwenye vyungu naye anatazama kaptura iliyopauka, fulana iliyolegea shingo, kandambili, na begi la mgongoni ambalo bei yake ingenunua mpunga wa kula mwaka mzima. Swali halitoki mdomoni mgeni akiwapo, kwa sababu mgeni hahojiwi. Akishapita ndipo linaulizwa: mtu mwenye nauli ya kutoka Ulaya hadi hapa, mbona amekuja amevaa hivi?

Ni swali la haki. Jibu linalotolewa kwa haraka, kwamba Wazungu hawajali mavazi, si kweli, na ushahidi kwamba si kweli uko palepale Kyela, sokoni, kwenye mafungu ya mitumba.

Fungua belo lolote utazame. Kuna mashati ya ofisini yenye kola ngumu, suruali za sufu zilizopigwa pasi hadi mstari ukakaa, makoti marefu ya baridi yenye bitana ya hariri, magauni ya harusi yaliyovaliwa siku moja, viatu vya ngozi ambavyo soli yake haijalika. Hizo ndizo nguo za kila siku za Ulaya, na za sikukuu pia. Wachuuzi wa mitumba wa mkoa wa Mbeya wanazijua kuliko msafiri yeyote aliyekaa Berlin wiki mbili. Wanajua kwamba nguo za Ulaya nyingi ni nyeusi, kijivu na buluu ya giza. Wanajua pia kwamba belo halina dhamana ya hali ya hewa: makoti na masweta hupelekwa Tukuyu, Mbeya na Makete, ambako baridi huyapokea kwa shukrani, na mashati mepesi hubaki kuuzwa huku bondeni, ambako ziwa liko meta 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari na jasho huanza saa mbili asubuhi. Mafundi cherehani humalizia kazi: kiuno kinapunguzwa, mikono inakatwa, gauni la mwanamke mrefu wa Ulaya linakuwa gauni la mwanamke wa Kyela la kwendea kanisani.

Kwa hiyo nguo nzuri Wazungu wanazo, na wanazivaa. Zimeachwa nyumbani. Kinachofika Matema ni vazi la safari, na hapo ndipo tunapopishana na wageni wetu. Mzungu anapofungasha huwazia mahali: jua, vumbi, mbu, mvua, barabara mbovu. Mtu wa Kyela anapofungasha huwazia watu: nani atanipokea, nitaketi na nani, watanionaje. Tazama abiria wanaosubiri meli Itungi, au wanaopanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam. Utaona suti, viatu vilivyopakwa dawa, kitenge kipya ambacho bado kina ukakasi wa dukani, mtoto aliyevalishwa soksi katika joto lile. Hakuna kati yao asiyejua kwamba safari ni ya vumbi. Wamevaa hivyo kwa sababu kuna mtu upande wa pili atakayewapokea, na kumfikia mtu huyo ukiwa na nguo ya shambani ni kumwambia kwamba hakuwa na uzito wa kutosha.

Desturi ya Mzungu kuvaa kwa kuwazia mahali ina umri mkubwa. Wapelelezi na maofisa waliokuja Afrika katika karne ya 19 walivaa kana kwamba hewa yenyewe ni adui. Kaki ilikuja kutoka jeshi la Waingereza nchini India. Kofia ngumu ya jua ilivaliwa kwa sababu madaktari wao waliamini kwamba miale ya jua la tropiki hupenya fuvu na kudhuru ubongo na uti wa mgongo, na imani hiyo ilidumu hadi karibu na Vita Kuu ya Pili. Leo kofia ile imekwisha, lakini suruali yenye mifuko kumi na kitambaa kinachokauka upesi ni mjukuu wake. Anayeivaa kwenda gulioni Lyulilo, ambako watu wamevaa za Jumamosi, bado anavaa kwa ajili ya pori lililomo kichwani mwake.

Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyefika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879 baada ya kiongozi wa msafara, Keith Johnston, kufariki njiani, aliandika kwa mapenzi makubwa juu ya migomba ya Unyakyusa, nchi hii yetu, na usafi wa nyumba zake. Wenyeji aliowakuta walijipamba kwa waya wa shaba uliozungushwa kiunoni, na wanawake walivaa nguo za magome ya miti. Miaka 12 baadaye, 1891, walifika wamisionari Wajerumani kwa njia ya ziwa: wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, waliojenga Rungwe. Pamoja na Biblia na alfabeti ilikuja sindano. Shati na gauni vikawa alama ya anayesoma na aliyebatizwa.

Jambo linaloniuma katika historia hiyo ni kwamba wengi wa watawala na walowezi Wajerumani walimcheka Mwafrika aliyevaa suruali. Alipokuwa uchi kwa macho yao, alikuwa mshenzi. Alipovaa, alikuwa mwigaji aliyevuka mipaka. Hakukuwa na vazi lililomfaa mbele ya macho ya aina hiyo, na watu wetu waliovaa waliendelea kuvaa bila kungoja ruhusa.

Walizifuata nguo hizo kwa miguu. Wanaume wa Unyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wakarudi na masanduku ya suti, kofia na viatu. Wanaanthropolojia wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey, walikaa Unyakyusa katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1938 Godfrey alikwenda kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, na utafiti wake katika mji wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe, ukamwonyesha kwamba wafanyakazi walitumia fedha nyingi za mshahara wao kununua nguo kuliko kitu kingine. Hakuwacheka. Alieleza kwamba mtu asiyeruhusiwa kujenga nyumba yake mjini wala kupanda cheo kazini alibakiwa na kitu kimoja cha kuonyesha utu wake hadharani, nacho ni mwili wake uliovikwa vizuri. Sijasoma maelezo yenye heshima zaidi ya hayo kutoka kwa Mzungu wa zama zile kuhusu suti ya Mwafrika.

Suti ile imebaki. Kyela inavaliwa msibani, harusini, kanisani, na siku ya kupeleka posa. Huko ilikotoka imepungua. Wafanyakazi wa ofisi nyingi za Ulaya sasa huenda kazini na jinzi na raba. Ndiyo maana kijana wa Kyela anayepanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na suti na tai hushangaa kukuta Wazungu waliomzunguka wamevaa suruali za kulalia.

Upande wa pili wa mto Songwe, nchini Malawi, hatua chache kutoka Kasumulu, kulikuwa na rais aliyeamua kwamba mambo ya mavazi yasiachiwe hiari. Hastings Kamuzu Banda alisomea udaktari Marekani na Edinburgh, akatibu wagonjwa Uingereza kwa miaka mingi, akarudi Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1958 akiwa na suti ya vipande vitatu na kofia ya Homburg, mavazi ya bwana wa Kiingereza wa kizazi kilichokwisha. Usinga mkononi ndio uliokuwa wa kwao. Mwaka 1973 Malawi ilipata sheria ya mavazi ya heshima. Mwanamke marufuku kuvaa suruali, na sketi yake ifunike magoti. Mwanamume marufuku kuvaa bugaluu au kufuga nywele ndefu. Sheria haikumbagua mgeni. Vijana wa Ulaya na Marekani waliozunguka Afrika na mabegi mgongoni walijikuta wanakatwa nywele wakiingia nchini, na wasichana wakifunga kitambaa juu ya jinzi kabla ya kumkabili ofisa wa uhamiaji. Mwafrika aliyevaa Kiingereza alimwamuru Mwingereza avae.

Wapo Kyela wanaozikumbuka siku hizo kwa kuzisifu, na naelewa kinachowavutia: mwenyeji alimwambia mgeni wazi namna anavyotaka kuheshimiwa. Ila sheria hiyo haikubaki kwa wageni. Waliobeba mzigo wake zaidi ni wanawake wa Malawi wenyewe, hadi ilipofutwa mwishoni mwa utawala wa Banda, ambaye aliondoka madarakani kwa kura mwaka 1994. Hata hivyo Januari 2012 wanawake waliovaa suruali walivuliwa nguo na wachuuzi katika miji ya Malawi, ikiwamo Lilongwe, na wenzao wakaandamana Blantyre kupinga. Sisi nasi tulikuwa na Operesheni Vijana. Ilianza Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana Dar es Salaam, na wasichana walisumbuliwa vituoni na barabarani na watu waliojipa cheo cha ulinzi. Ukiweka rungu mkononi mwa mtu kwa ajili ya nguo, litamwangukia msichana. Simtakii hilo yeyote, mgeni wala mwenyeji.

Ninachotaka ni kidogo, na kinawezekana bila askari. Nyumba za wageni za Matema zimwambie mgeni anayekwenda gulioni, kanisani au msibani yale ambayo wenyeji humwonea haya kuyasema: kaptura na bikini ni za ufukweni, kijijini kuna kitenge. Atakubali. Wengi wao wangeaibika sana kujua kwamba walionekana wamekuja na dharau, kwa maana dharau hawakuwa nayo. Kwao unyenyekevu ni kutojionyesha, na wanadhani nguo chakavu inawaweka karibu nasi.

Waliotoka huku kwenda Ujerumani, wengi kwa safari za makanisa rafiki, wamerudi na picha kamili zaidi. Wamewaona waumini walewale, waliotembea Matema na kandambili, wakiwa na makoti meusi msibani na mashati meupe kwenye tamasha la muziki. Wamejifunza kuvaa nguo tatu moja juu ya nyingine na kuvua koti mlangoni. Anayejiandaa kwenda leo huwauliza avae nini, nao humpa ushauri wa vitendo: suti aiache, raba nzuri achukue, koti zito alitafute kwenye mitumba ya Mbeya ambako ni rahisi kuliko litakavyokuwa Berlin, na shati la kitenge lililoshonwa na fundi wa Kyela alitunze kwa ajili ya Jumapili ya kwanza, kwa sababu wenyeji watakuwa wanalingoja.