Tochi Yenye Meno Mawili

Kijana wa dukani, huku mjini Kampala, alinionyesha tochi yenye meno mawili ya chuma. Akabonyeza kitufe: ta-ta-ta-ta, cheche ya buluu ikaruka. "Hii ni ya wezi, ssebo. Shika, ujaribu." Mimi ni fundi umeme. Nimepigwa shoti za bure mara nyingi, sikuona sababu ya kulipia nyingine. Nikamwuliza inatoka wapi. Akageuza boksi: hakuna jina la kiwanda wala la nchi, picha ya mbwa tu.

Swali hilo nilianza kujiuliza Mengo, siku mjukuu wangu aliponipeleka Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ambayo jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliivamia Mei 1966. Humo kuna handaki la saruji. Watembezaji husimulia kwamba lilikuwa ghala la silaha, Amin akaligeuza gereza, na njia yake ikajazwa maji yenye umeme ili mfungwa asithubutu kutoka. Mjukuu alitazama alama za viganja ukutani. Mimi nilitafuta waya ulipitia wapi. Maji, waya, swichi: ndivyo vitu ninavyofunga kwenye majiko ya watu kila wiki, na hakuna serikali itakayozuia kuuza waya.

Ila utawala wa Amin haukuendeshwa kwa waya peke yake. Frank Terpil, aliyewahi kuwa mtu wa CIA, alimletea vifaa vya kijasusi, na kahawa yetu ikaendelea kununuliwa Marekani mpaka Oktoba 1978, bunge lao lilipoisimamisha. Miezi sita baadaye Amin alikuwa ameshakimbia.  

Kuzuia vifaa vya utesaji, Ulaya waliamua kumbana muuzaji. Sheria yao ya mwaka 2005, iliyoanza kazi Julai 2006, ilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vitu visivyo na kazi nyingine ya halali: majukwaa ya kunyongea, viti vya umeme, mikanda ya umeme ya kumvisha mfungwa. Hivyo vilipigwa marufuku kuuzwa nje. Ya pili ilikuwa ya vitu ambavyo polisi anaweza kuvitumia vizuri au vibaya, kama virungu vya umeme. Hivyo vililazimika kuombewa kibali, na ofisa aliuliza vinakwenda kwa nani. Haikuwa hofu ya bure: mwaka huohuo wa 2006 mkulima mmoja wa Suffolk, Uingereza, alijitapa kwenye magazeti kwamba anauza majukwaa ya kunyongea kwa serikali za Afrika.

Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kutafuta kanuni za dunia nzima, na mwaka 2023 Alice Edwards, mtaalamu wake wa masuala ya utesaji, akadai mkataba kamili. Huku kwetu, sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia utesaji inataja shoti ya umeme waziwazi, na kifungo chake huweza kufika cha maisha.

Nikamwuliza tena yule kijana wa dukani tochi hizo zinatoka wapi. "Zinakuja kwenye kontena moja na chaja za simu, ssebo."

Nikachukua soketi mbili nilizofuata. Akaniandikia risiti: aina, idadi, bei, tarehe, na jina langu juu.