Kioo cha Rezini Kikae Wapi Nyumbani?

Mwaka huu nimeona niwaeleze juu ya mapambo ya rezini juu ya kioo, maana ndiyo yanayonilipia karo. Shangazi yangu wa Bungoma huyatengeneza, nami huyauza hapa Kitale wakati wa likizo. Mteja akirudisha kioo kimegeuka manjano kama mafuta ya kupikia, basi karo ya muhula inayumba.

Rezini ya epoksi huja kwa mikebe miwili: rezini yenyewe na dawa ya kuigandisha. Hupimwa kama ilivyoandikwa mkebeni (si kwa macho!), huchanganywa polepole, hutiwa rangi, kisha humwagwa juu ya kioo kilichopanguswa vizuri. Vikishakutana, vitu hivyo viwili hutoa joto na kuanza kuganda. Bungoma kuna joto, kwa hivyo kesho yake huwa imeshikana. Baridi ya Kitale huichelewesha, ndiyo sababu shangazi hakubali kufanyia kazi huku. Ati rezini yake "inalala". Madirisha huwa wazi na mikono ndani ya glavu, kwa kuwa dawa hiyo hudhuru ngozi na kifua.

Sasa tuje kwa mahali pa kukiweka. Wengi wakishanunua hukimbilia dirishani ili rangi ing'ae. Kweli inang'aa! Bila mwanga nyuma yake kioo hiki ni kama sahani tu. Lakini rezini ni aina ya plastiki. Si kama vioo vya rangi vya makanisani, au vile vya Kitengela karibu na Nairobi, ambavyo rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Jua huigeuza rezini manjano, na ikipata moto sana hutanuka kuliko kioo, mwishowe ikaambuka.

Hapo ndipo Jiografia inasaidia. Kitale iko nyuzi 1 hivi kaskazini mwa Ikweta, Bungoma karibu nusu yake. Jua la asubuhi na la jioni huingia moja kwa moja kupitia madirisha ya mashariki na magharibi mwaka mzima. Adhuhuri jua liko juu sana, hivyo madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na ukingo wa mabati. Weka kioo huko. Mwanga utapita, jua litakigusa kidogo tu.

Halafu kuna uzito. Kioo cha sentimita 40 kwa 40, unene milimita 3, ni kama kilo 1.2, ongeza rezini, kinapita kilo moja na nusu. Msumari kwenye ukuta wa udongo hautashika hata wiki. Kifunge kwenye boriti, ama kiweke juu ya kabati kwa kiegemeo cha mbao.

Kikipata vumbi, kipanguse kwa kitambaa laini chenye maji. Na tafadhali, birika la chai moto lisiwekwe juu yake, hata kama mgeni ni mjomba.