Joka la Potomac na kasia la Venice

Asubuhi ya Jumamosi, ukiegemea ukingo wa Key Bridge pale Georgetown, utauona mto Potomac umejaa watu walioipa mgongo njia yao. Ndivyo wapigavyo makasia wanafunzi wa vyuo vya Washington: wameketi juu ya viti vinavyoteleza, wanavuta kwa nguvu zote, na wanakwenda kinyumenyume. Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye mikondo ya mikokoni, pondo mkononi, atauliza swali la haki kabisa: hawa wanaonaje wanakokwenda?

Mtu wa Venice, Italia, angeuliza hilohilo. Kule mpigakasia husimama, uso umeelekea mbele, mguu mmoja umetangulia, na halivuti kasia bali hulisukuma kwa uzito wa mwili. Sababu yake ni maji yenyewe. Bahari ya ndani ya Venice ni ya kina kifupi, imejaa matope na mafungu, na njia za kupita zimewekewa nguzo. Asiyeona mbele hukwama.

Mahali ambapo sisi tungefunga kishwara, wao huweka forcola, kipande cha mti wa jozi kilichochongwa na kupindwapindwa, kila kona ikiwa na kazi yake: hapa pa kuondokea, hapa pa kwendea mbio, hapa pa kurudishia nyuma. Kasia halishikwi na chochote. Limelazwa tu, na mpigaji akikosea kidogo linaruka. Gondola, mashua nyembamba ya huko, hupigwa kasia moja upande wa kulia, na kwa hesabu ya kawaida ingezunguka kushoto mpaka jua lizame. Mafundi walilitatua hilo zamani kwa kuunda chombo kisicho sawa: ubavu wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24 hivi. Ukikitazama kwa nyuma utadhani kimepinda kwa kuachwa juani.

Mashindano kwao si jambo la kuletewa. Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba hufanyika Regata Storica, na washindi hupewa bendera: nyekundu kwa wa kwanza, nyeupe kwa wa pili, kijani kwa wa tatu. Mwaka 1975 wenyeji walianzisha pia Vogalonga, safari ya makasia ya kilomita 30 hivi, kupinga mawimbi ya boti za mashine yanayokula misingi ya nyumba zao. Lakini nje ya Italia gondola ilisafiri kwa jina jingine, jina la mahaba. Marekani utaipata Providence, utaipata Newport Beach huko California, hata Stillwater katika Minnesota, na abiria karibu wote ni wachumba. Waendeshaji wenyewe ndio waliochoka kuimbia maharusi. Tangu 2012 wamekuwa wakikutana kushindana, mbio za kweli, saa mkononi.

Wakabaki wachache, na hilo halinishangazi. Kumfundisha mtu kusimama juu ya tezi bila kuanguka ni kazi ya miezi, forcola nzuri huchongwa kwa kipimo cha mpigaji wake, na mafundi wa kuunda gondola ni wa kuhesabika.

Linganisha na mashua ya joka ya Wachina. Mwaka 1976 Hong Kong iliyageuza mashindano ya wavuvi wake kuwa ya kimataifa, kisha vyombo vikapewa vipimo vya aina moja. Watu 20 wanaketi wawiliwawili, kila mmoja na kafi lake, mmoja omo anapiga ngoma, mmoja amesimama tezi na kasia refu la kuongozea. Saa moja tu, mgeni ameshajua la kufanya. Tangu 2002 mashua hizo zina tamasha lake Potomac, mwezi wa Mei, karibu na Thompson Boat Center, na zimepata wenyewe ambao si Wachina.

Miongoni mwao ni kina mama waliopona saratani ya matiti. Zamani madaktari waliwakataza kazi nzito ya mikono, wakihofia uvimbe wa mkono unaofuata upasuaji. Mwaka 1996, huko Vancouver, daktari Don McKenzie aliwapandisha wanawake 24 kwenye mashua ya joka ili aone. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Leo timu za namna hiyo ziko duniani kote, na Washington wanayo GoPink DC. Kafi lilikuwa la mchezo, likawa sehemu ya tiba. Gondola, kwa uzuri wake wote, haijabahatika hivyo.

Mto huu una desturi ya kuvipokea vyombo vya watu. Washington Canoe Club, iliyoanzishwa 1904, ilichukua mtumbwi wa wenyeji wa kwanza wa Amerika na kuufanya wa mbio, wanachama wake wakauonyesha Olimpiki ya Paris ya 1924, na mwaka 1952 Frank Havens wa klabu hiyo akatwaa dhahabu Helsinki akiwa amepiga goti moja, kafi upande mmoja, mita 10,000.

Kwetu Afrika Mashariki mitumbwi ya mbio tunayo. Mwanza wameshindana ziwani kwa udhamini wa kampuni ya bia, na koo za Buganda zimepambana Munyonyo mbele ya Kabaka. Tunachokosa ni chombo cha kipimo kimoja ambacho mgeni wa Maryland angeweza kukiagiza. Mpaka kipatikane, cha joka kipo. Jumuiya zetu za Silver Spring, hukohuko Maryland, ambazo wakati wa kiangazi hazikosi vikosi viwili vya soka, haziwezi kukosa watu 20 wa kupiga makafi. Atakayegombaniwa ni wa ngoma.