Amplifaya ya Mkutano Ikivuma

Ndugu wafanyakazi, amplifaya ya valvu ikivuma mkutanoni, mwanachama aliyekaa nyuma hasikii anachopigia kura. Tusikimbilie kununua nyingine. Kwanza tupunguze sauti hadi sifuri. Mvumo ukikoma, kasoro iko kwenye maikrofoni, waya wake au valvu za mwanzo. Ukibaki, mara nyingi ni kapasita za kusafisha umeme zimechakaa. Valvu zikiwa nje ya sanduku, tuzigonge polepole kwa penseli. Itakayolia kwenye spika ibadilishwe. Waya wa ardhi tusiukate kamwe ili kuondoa mvumo: ndio kinga yetu. Sanduku alifungue fundi tu. Kapasita huweza kushika volti 300 na zaidi hata plagi ikishachomolewa, na volti hizo zinaua.