Mwanao analia ndegeni? Yatazame masikio

Huenda, mzazi, unajiandaa kupanda ndege kutoka Nairobi hadi London na mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Safari hiyo huchukua zaidi ya saa nane, na abiria wenzako wakisikia kilio watadhani ni utundu. Mara nyingi ni masikio.

Nyuma ya ngoma ya sikio mna hewa inayopitia mrija mwembamba unaofika nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi, hivyo huziba upesi. Ndege inapopaa, hewa hutoka bila taabu nyingi. Inaposhuka ndipo ngoma husukumwa kwa ndani na maumivu huanza.

Dawa yake ni kumeza. Mnyonyeshe au mpe chupa mara ndege inapoanza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua. Usingoje hadi uone mapaa ya nyumba dirishani. Amelala? Mwamshe, kwani aliyelala humeza mara chache. Peremende waachie wakubwa. Zaweza kumkaba koo. Na ikiwa ana mafua makali au anaumwa na sikio, apelekwe kwa daktari kabla ya safari.

Wapo wazazi wanaonunua dawa ya maji ya mafua ili mtoto alale njia nzima. Tabia hii ni ya hatari. Dawa kama promethazine haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa yaweza kumzuia kupumua. Wengine hata hawalali, bali huzidi kuchachawa.

Kisha kuna suala la kumpakata. Mnamo Julai 19, 1989, ndege ya United Airlines, safari nambari 232, ilianguka Sioux City, Marekani, na watu 112 wakafa. Watoto wanne walikuwa wamepakatwa. Wazazi wao waliagizwa wawalaze sakafuni, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka. Mmoja wa watoto hao alikufa. Mikono ya mzazi, hata awe na nguvu vipi, haiwezi kumzuia mtoto kwa kishindo kama hicho.

Najua nauli si mchezo. Lakini ukimudu, mnunulie mwanao kiti chake, uje na kiti cha mtoto cha gari kilichoidhinishwa kutumiwa ndegeni. Usipomudu, usimfunge pamoja nawe ndani ya mshipi mmoja. Mwili wako utamponda. Mwulize mhudumu kama wana mshipi mdogo wa mtoto unaounganishwa na wako.

Vifuniko vya oksijeni vikianguka, vaa chako kwanza. Ukizirai, nani atamvisha mtoto? Chai yako nayo iombe akiwa amepakatwa na mwenzako, maana ndege hutikisika bila kupiga hodi.