KOKI ZA ZAMANI ZINALIPA, ILA JUA UNACHONUNUA NA UNANUNUA KWA NANI

Wapambanaji wa skrepa mliopo Ibadakuli, Old Shinyanga, na nyie mnaozunguka na baiskeli mpaka Maganzo, hii ni yenu.

Mkoa wetu una majengo ya enzi za pamba na almasi. Huko ndani utakuta koki na valvu za brasi nzito, siyo hizi za plastiki za siku hizi. Shida ni kwamba zimepakwa kromu, zote zinang'aa sawa. Weka sumaku. Ikinata, hicho ni chuma. Isiponata usishangilie bado, maana zinki na aluminiamu nazo hazinati. Chukua tupa, sugua sehemu ya chini. Ikitoka njano ni brasi, yaani kopa iliyochanganywa na zinki. Ikitoka nyeupe ya kijivu, hiyo ni zinki, bei yake iko chini sana.

Halafu fungua kichwa, toa wosha, plastiki na skrubu za chuma. Ukipeleka mchanganyiko, mnunuzi mkubwa anakukata kilo kwa macho, na hapo ndipo faida yako inapoishia.

Mizani yake huiamini? Beba katoni ya chupa 12 za maji za lita moja na nusu, hazijafunguliwa. Maji peke yake ni kilo 18. Mizani ikisoma 16, beba mzigo wako uondoke.

Sasa lililo zito. Gofu siyo mali ya bure jamani. Lina mwenyewe: ushirika, halmashauri, au warithi waliohamia Mwanza. Kijana akikuletea kiroba cha koki asubuhi, angalia ndani. Koki ya jengo lililokaa miaka bila watu ni kavu, ina vumbi na kutu. Ikichuruzika maji, imeng'olewa jana usiku kwa mtu. Na mita ya maji usiiguse hata uuziwe bei ya kutupa, hiyo ni ya SHUWASA, siyo ya mwenye nyumba. Kanuni ya Adhabu haimbani mwizi tu, inambana na aliyepokea. Mtaji wa mwaka mzima unaweza kuishia polisi kwa kiroba kimoja.

Kwa hiyo weka daftari: jina, namba ya NIDA, simu, mzigo umetoka jengo gani. Kama ni vitu vya jengo zima, dai barua ya mwenye jengo iliyopita kwa mwenyekiti wa mtaa. Vilevile vyuma chakavu serikali inavihesabu kwenye taka hatarishi, biashara yake ina kibali chake. Kamuulize afisa mazingira wa manispaa kabla hujakodi eneo la kukusanyia.

Na wale mnaoingia wenyewe kung'oa kwa ruhusa: paa la kijivu linalofanana na saruji huenda ni asbesto. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na huliumwi leo, unaumwa miaka mingi baadaye. Usilivunje, usilipande. Koki zipo chini.