Takwimu za Eneo Dogo na Ukingo wa Kosa

Halmashauri ya wilaya yenye fedha za kuchimba kisima kimoja tu hutaka kujua ni kata ipi yenye shida kubwa zaidi ya maji. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba taarifa iliyoletwa mbele ya kikao inasema hivi: katika kata ya kwanza asilimia 30 ya kaya hazina maji safi katika umbali wa mita 400, katika kata ya pili ni asilimia 38. Aghalabu uamuzi hupitishwa papo hapo, na kisima hupelekwa kata ya pili. Lakini ikiwa tarakimu hizo zimetokana na sampuli, yaani kwa kuhoji baadhi tu ya kaya, huenda tofauti hiyo ikawa ni matokeo ya bahati ya uteuzi wala si hali halisi ya kata hizo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kulitambua jambo hilo, na kwa nini tarakimu inayoaminika kwa nchi nzima yaweza kupoteza nguvu zake inapogawanywa hadi kata na kijiji.

Sensa na sampuli

Sensa ni hesabu ya watu wote. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya mwaka 2022, iliyofanyika usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ilipata watu 61,741,120. Hata hivyo, si kila swali laweza kuulizwa kwa kila mtu, kwa kuwa muda wa makarani na fedha za serikali vina kikomo. Ndiyo sababu katika sensa ya mwaka 2012 dodoso refu lilitumika katika asilimia 30 hivi tu ya maeneo ya kuhesabia watu, na maeneo yaliyobaki yakapewa dodoso fupi. Kwa hiyo hata ndani ya sensa mlikuwa na sampuli.

Mambo yanayohitaji mahojiano marefu zaidi, kama matumizi ya kaya kwa chakula, mavazi na matibabu, hupimwa kwa uchunguzi wa pekee. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 uliteua kaya 9,552 katika maeneo 796, kaya 12 kila eneo. Kutokana na kaya hizo ilikadiriwa kwamba asilimia 26.4 ya wananchi waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi.

Msomaji aweza kuuliza: kaya elfu tisa na ushei zawezaje kusema kwa niaba ya mamilioni? Jibu analijua kila mnunuzi wa nafaka. Mnunuzi hamwagi gunia zima ili akague mchele. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akazitazama. Punje hizo hutosha, mradi zitoke sehemu mbalimbali za gunia na mwenye gunia asizichague mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya sampuli: kila kaya iwe na nafasi ya kuteuliwa inayojulikana, na uteuzi ufanywe kwa kura.

Ukingo wa kosa ni nini?

Kama bambo likichomwa mara ya pili katika gunia lile lile, punje hazitakuwa zile zile, na idadi ya punje zilizovunjika itatofautiana kidogo na ile ya kwanza. Tofauti hii huitwa kosa la sampuli. Si kosa la karani wala udanganyifu wa mtu. Ni jambo la lazima kila panapochukuliwa sehemu badala ya kitu kizima. Uzuri wake ni kwamba laweza kukadiriwa kwa hesabu.

Ikiwa uwiano unaokadiriwa ni p, na idadi ya kaya zilizohojiwa ni n, basi kosa sanifu ni kipeuo cha pili cha p(1 − p)/n. Kosa sanifu likizidishwa kwa 1.96 hupatikana ukingo wa kosa kwa kiwango cha asilimia 95. Maana yake ni hii: kama uchunguzi ungerudiwa mara 100 kwa njia ile ile, katika mara 95 hivi masafa yaliyokokotolewa kwa kutoa na kujumlisha ukingo huo yangeuzunguka ukweli.

Na ijaribiwe sasa kanuni hiyo kwa uwiano wa asilimia 26.4, kwa kuchukulia, ili kurahisisha hesabu, kwamba kaya zote zimeteuliwa moja moja kwa kura. Matokeo ni haya:

Nchi nzima, kaya 9,552: ukingo ni pointi 0.9 za asilimia. Masafa ni kutoka 25.5 hadi 27.3.

Mkoa mmoja, kaya 367 (yaani 9,552 zikigawanywa kwa mikoa 26): ukingo ni pointi 4.5. Masafa ni kutoka 21.9 hadi 30.9.

Eneo moja, kaya 12: ukingo ni pointi 24.9. Masafa ni kutoka 1.5 hadi 51.3.

Mstari wa tatu ndio wenye funzo. Kusema kwamba umaskini wa mahali fulani uko kati ya asilimia 1.5 na 51.3 ni sawa na kutosema lolote. Na kwa sampuli ndogo kiasi hicho hata kanuni yenyewe huanza kulegea. Isitoshe, Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,000, hali maeneo yaliyoteuliwa yalikuwa 796 tu. Ni dhahiri kwamba kata nyingi hazikufikiwa kabisa. Mtu atakayeutumia uchunguzi huo kuzipanga kata kwa umaskini atakuwa anaulazimisha ujibu swali ambalo haukuulizwa.

Mambo matatu yanayopotosha fikira

Kwanza, watu wengi hudhani kwamba sampuli yapasa kuwa sehemu maalumu ya wakazi, kama asilimia kumi. Sivyo. Katika kanuni iliyotajwa hapo juu idadi ya wakazi wote haimo; iliyomo ni idadi ya waliohojiwa. Kijiko kimoja hutosha kuonja chumvi ya sufuria ndogo, na hutosha vilevile kuonja chumvi ya sufuria ya arusi, mradi mchuzi umekorogwa. Kwa hiyo mkoa wa watu laki tatu unahitaji sampuli inayokaribia ile ya mkoa wa watu milioni tatu. Hapa ndipo penye ugumu wa takwimu za maeneo madogo: kila kata inayotaka tarakimu yake yenyewe inahitaji mamia ya kaya zake yenyewe, nayo gharama huzidishwa kwa idadi ya kata.

Pili, ukingo wa kosa haupungui sambamba na kuongezeka kwa sampuli, bali hufuata kipeuo cha pili. Anayetaka kuupunguza hadi nusu hana budi kuongeza sampuli mara nne. Anayetaka robo, mara kumi na sita.

Tatu, kaya za eneo moja hufanana. Majirani huteka maji kisima kimoja, hulima udongo mmoja na huuza mazao katika soko moja. Kaya 12 za jirani hazileti habari mpya kama kaya 12 zilizotawanyika nchi nzima. Ikiwa mfanano huo unaongeza vipeo vya pili vya makosa mara tatu, ukingo wenyewe huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani mara 1.73. Ule ukingo wa mkoa wa pointi 4.5 ungekuwa 7.8. Kwa sababu hiyo hesabu rahisi ya darasani kwa kawaida hutoa ukingo mdogo kuliko ule wa kweli.

Kulinganisha kata mbili

Turudi kwenye kisima. Kata ya kwanza ilipata asilimia 30, na ichukuliwe kuwa ukingo wake ni pointi 8. Ya pili ilipata 38, ukingo wake pointi 9. Ukingo wa tofauti haupatikani kwa kujumlisha 8 na 9, bali kwa kujumlisha vipeo vyao vya pili, kisha kutafuta kipeuo: 64 na 81 ni 145, na kipeuo chake cha pili ni 12.0. Tofauti yenyewe ni 8, ambayo ni ndogo kuliko 12.0. Basi takwimu hizi haziwezi kuthibitisha kwamba kata ya pili ina shida kubwa zaidi. Hazithibitishi pia kwamba kata hizo ni sawa. Zinachosema ni kwamba ushahidi haujatosha. Kikao chenye busara kitatafuta ushahidi mwingine: idadi ya visima vilivyopo, vipimo vya umbali, au ziara ya mhandisi wa maji.

Wapo wanaotazama tu kama masafa mawili yanagusana. Njia hiyo hudanganya. Asilimia 30 yenye ukingo wa 6 ina masafa ya 24 hadi 36. Asilimia 40 yenye ukingo huo huo ina masafa ya 34 hadi 46. Masafa hayo yanapishana, lakini ukingo wa tofauti ni kipeuo cha pili cha 72, yaani 8.5, na tofauti ni 10. Tofauti hiyo ni ya kuaminika.

Njia za kupata nafuu

Njia ya kwanza ni kuunganisha maeneo. Kata nne zinazokadiriwa kuwa na kaya 200 zisizo na maji kila moja, kwa ukingo wa 60 kila moja, kwa pamoja zina kaya 800. Ukingo wa jumla, ikiwa sampuli zao hazitegemeani, ni kipeuo cha pili cha 4 × 3,600, yaani 120. Ukingo uliokuwa asilimia 30 ya kadirio umekuwa asilimia 15. Gharama yake ni kwamba tofauti baina ya kata hizo nne hazionekani tena.

Njia ya pili ni kuunganisha miaka. Marekani iliachana na dodoso refu la sensa baada ya mwaka 2000, na tangu mwaka 2005 huendesha uchunguzi usiokoma unaogusa mitaa yote ya nchi. Katika miaka ya karibuni anwani zipatazo milioni 3.5 zimekuwa zikiteuliwa kila mwaka. Hata kwa sampuli kubwa hivyo, makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi tu. Maeneo madogo zaidi hungoja mkusanyo wa miaka mitano. Kila kadirio huchapishwa pamoja na ukingo wake, lakini kwa kiwango cha asilimia 90. Anayetaka kosa sanifu huugawanya ukingo huo kwa 1.645. Ikumbukwe kwamba tarakimu ya miaka mitano si picha ya mwaka wowote mmoja: kiwanda kikifungwa mwaka wa nne, athari yake itaonekana nusu nusu.

Njia ya tatu ni kuazima nguvu kutoka kwingine. Uchunguzi wa mapato na matumizi wa mwaka 2000/01 ulihoji kaya 22,178 za Tanzania Bara kuhusu matumizi yao. Sensa ya mwaka 2002 ilikusanya habari za nyumba, elimu na mali kwa upana zaidi. Wataalamu walitafuta kwanza uhusiano kati ya matumizi na habari hizo, kisha wakautumia katika data za sensa, wakapata makadirio ya umaskini kwa wilaya, yaliyotolewa katika Ripoti ya Umaskini na Maendeleo ya Watu ya mwaka 2005. Njia hii ni ya werevu, lakini nayo ina ukingo wake, na husimama au huanguka pamoja na uhusiano ule uliodhaniwa.

Makosa yasiyoonekana katika ukingo

Ukingo hupima bahati ya uteuzi peke yake. Haumjui mkuu wa kaya aliyetaja umri wake kuwa 40 au 45 kwa kukadiria, wala kaya iliyorukwa, wala swali lililoeleweka vibaya. Makosa ya namna hii hayapungui kwa kuongeza sampuli, na hata sensa kamili haisalimiki nayo.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kulidhihirisha jambo hili kwa punje 300 za mahindi na 100 za maharage zilizochanganywa vizuri katika chombo. Kila mwanafunzi achote punje 10 bila kutazama, aandike asilimia ya maharage, azirudishe na kuchanganya tena. Kisha zoezi lirudiwe kwa punje 40. Matokeo ya darasa yakichorwa ubaoni, yataizunguka asilimia 25 katika mikupuo yote miwili, lakini mtawanyiko wa mkupuo wa pili utakuwa karibu nusu ya ule wa kwanza.

Baada ya hapo wanafunzi waletewe tarakimu yoyote ya kata au kijiji chao, na waulize maswali matatu: je, ni hesabu ya wote au ni sampuli? Walihojiwa wangapi? Ukingo wake ni kiasi gani? Pale swali la tatu linapokosa jibu, halmashauri isiitumie tarakimu hiyo peke yake kuamua nani apewe maji na nani angoje.